Tupeane uzoefu: hesabu za chuo toka aljebra mpaka kalkulasi na kuendelea, ni wapi zilikugeukia?

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Nimeona nianzishe uzi huu maana kila mwaka kuna vijana wanaingia chuo wanakutana na ile ngazi, aljebra kwanza, halafu fankisheni na trigonometria, kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, pembeni kuna matriksi (majedwali ya namba) na milinganyo ya kalkulasi (ile yenye kasi ya mabadiliko ndani yake), na wale wenye roho ngumu wanaendelea mpaka huko kwenye kupruvu. Wanachoambiwa ni kimoja tu, "kalkulasi ngumu jiandae", ujiandae vipi hakuna anayesema. Basi hapa tusitishane, kila mtu aseme ni wapi hesabu zilimgeukia na nini kilimtoa.

Naanza mimi, nilisoma uinjinia. Kudiferenshieti kwenyewe, yaani kutafuta mteremko wa fankisheni, hakuna shida jamani, kanuni ni chache na zinakaa kichwani mapema tu. Chukua 1/√(3x+1). Kalkulasi iliyomo humo ni mstari mmoja. Kazi iko kwenye kuiandika upya iwe (3x+1)^(-1/2), kushusha kipeo, kukumbuka kuzidisha kwa ile 3 ya ndani, halafu kujua kwamba -1/2 ukitoa 1 unapata -3/2 na sio 1/2. Jibu linakuwa -3 juu ya 2(3x+1)^(3/2). Darasani kwetu waliokuwa wanapigwa kwenye maswali ya aina hiyo cheni ruli (ile kanuni ya kuzidisha kwa cha ndani) walikuwa wanaijua vizuri sana, wanaangukia kwenye vipeo hasi na sehemu, vitu vya tangu sekondari.

Limiti nazo, yaani thamani ambayo kitu kinaikaribia, hivo hivo. (√(x+4) − 2)/x, x ikielekea 0. Ukiweka 0 unapata 0/0, watu wanaganda hapo wanadhani kuna uchawi. Zidisha juu na chini kwa √(x+4) + 2, juu inabaki x peke yake, x na x zinakufa, unabaki na 1/(√(x+4) + 2), weka 0 sasa, robo. Hakuna kalkulasi yoyote hapo, ni aljebra tupu imevaa jina jipya. Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni kwamba wengi wanaosema kalkulasi imewaua waliuliwa na aljebra, karibuni mnipinge.

Kipeo Hasi

Sikupingi mkuu, naongezea tu. Mimi nimefundisha madogo hizi kozi za mwanzo muda mrefu na makosa ni yale yale kila mwaka, sura tu ndo zinabadilika. (a+b)² anaandika a² + b². Kwenye (x+5)/x anakata x na x anabakiwa na 5. 1/(a+b) anaigawa 1/a + 1/b. Alama ya kutoa nje ya mabano inabadilisha cha kwanza tu, cha pili kinaachwa kama kilivyo. Na mfalme wao ni √(x²+9) kuwa x+3, huyu anafufuka kalkulasi ya pili kwenye kuintegreti na anaharibu ukurasa mzima.

Dawa ninayowapa ni ndogo mno mpaka wanaidharau: ukiwa na shaka weka namba. x iwe 4. √(16+9) ni 5, na 4+3 ni 7. Imekwisha, huna haja ya kuniuliza wala kumuuliza lekcha. Mwanafunzi akizoea hiyo tabia anaacha kuona sheria za aljebra kama amri zilizoshushwa na mtu fulani, anaanza kuona ni habari kuhusu namba na anaweza kuzikagua mwenyewe.

Lingine, msikimbilie kikokotoo kwenye sehemu. 2/3 ikishakuwa 0.6666667 huwezi tena kuikata na kitu mbele ya safari, umejifungia mlango.

Binti Integrali

Mleta mada nakubali nusu. Kalkulasi ya kwanza sawa, ni aljebra. Ila ya pili ni mnyama mwingine kabisa na hapo ndo mimi zilinigeukia, tena nikiwa na aljebra safi.

Shida ni hii, kudiferenshieti kuna njia, ukifuata unafika, fankisheni iwe mbaya kiasi gani utatoboa tu. Kuintegreti, yaani kurudi kinyume chake, hakuna hiyo dhamana. Unaletewa swali unatakiwa uangalie kwanza, ubuni, ujaribu kubadilisha kigezo, ikigoma ujaribu kwa sehemu, ikigoma upasue vipande kama 1/(x²−1) ambayo inageuka nusu ya 1/(x−1) kutoa nusu ya 1/(x+1). Mimi nilizoea hesabu ikikuonyesha mlango, sasa nakaa na swali robo ukurasa halafu nagundua njia haielekei popote inabidi nifute nianze upya, na hicho kitu kilinikatisha tamaa sana mpaka nilipoelewa kwamba ndivyo inavyotakiwa, hata wanaojua wanafuta. Kuna ile e^x mara kosini x, unaintegreti kwa sehemu mara mbili halafu swali lenyewe linakurudia upande wa pili, unafikiri umezunguka bure, kumbe unalihamisha kushoto unagawa kwa 2 umemaliza. Siku nimeiona hiyo nilicheka peke yangu maktaba.

Halafu kuna ambazo hazipo kabisa. e^(-x²) inaonekana mpole, lakini huwezi kuandika integrali yake kwa kutumia fankisheni za kawaida tunazozijua, na sio kwamba bado haijapatikana, mwanahisabati Liouville kwenye miaka ya 1830 ndiye aliyeweka msingi wa kuthibitisha vitu vya namna hiyo kwamba haviwezekani. Lekcha akiwaambia mapema hivi watu wangeacha kujilaumu.

Na mifululizo! 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea, vipande vinazidi kuwa vidogo mpaka vinakaribia sifuri, kila mtu darasani alisema itatulia mahali. Haitulii. 1/3 + 1/4 inazidi nusu, vinne vinavyofuata vinazidi nusu, vinane vinavyofuata tena nusu, unaongeza nusu milele. Ila inatembea taratibu ajabu, ukijumlisha vipande milioni moja hujafika hata 15, ukikaa na kikokotoo utaapa kwamba imesimama. Sasa namba za chini ukizipandisha kipeo cha pili, 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16, hii inatulia, na mwanahisabati Euler miaka ya 1730 akaonyesha inatulia kwenye π²/6. Pai imetokea wapi hapo hakuna duara wala nini? Mimi mpaka leo hiyo inanisisimua, na ndo iliyonifanya nisihame kozi.

Desa Kuu

Mbona mnafanya mambo magumu. Mimi nilikusanya mapepa ya nyuma na madesa ya waliotutangulia, nikapiga mpaka nikajua swali la 3 huwa linatokaje, nikafaulu zote kalkulasi ya kwanza mpaka ya tatu bila sapu (mtihani wa marudio) hata moja. Kuelewa utaelewa ukiwa na muda. Wenzangu waliokuwa wanataka kuelewa kila kitu ndo walikula sapu.

Kipeo Hasi

Desa Kuu mapepa ya nyuma hata mimi nawapa wanafunzi, hakuna ubaya. Swali langu, kozi za mbele ulifanyaje? Fizikia au takwimu hawakuletei swali limeandikwa "tafuta integrali", wanakuletea hali fulani wewe ndo ugundue kwamba humo ndani kuna integrali.

Desa Kuu

Hapo umenishika, takwimu ilininyoosha. Ila bado nasimamia mapepa 😂

Mzee Matriksi

Kalkulasi ya tatu siizungumzii sana, ukiwa na mbili za kwanza ni zile zile zimeongezewa pande, isipokuwa kitu kimoja ambacho Binti Integrali atakipenda. Ile e^(-x²) yako isiyoandikika, ukiitaka jumla yake, yaani eneo lote chini ya mchoro wake, kuanzia hasi isiyo na mwisho mpaka chanya isiyo na mwisho, unaizidisha na pacha wake wa y, unahamia kwenye vipimo vya duara, yaani umbali r na pembe, na kwenye kuhama kunazaliwa r moja ya ziada, hiyo r ndo inafungua kufuli, jibu √π. Kwa hiyo eneo lote tunalijua barabara wakati fomula yake hatuna. Na hiyo r wengi huwa wanaisahau kwenye pepa.

Mimi nilikuwa upande wa uchumi na naomba niwatetee matriksi, maana zinadharauliwa. Watu wanaona ni kuzidisha mistari na safu basi, kazi ya mashine. Miezi ya mwanzo hata mimi niliona hivyo, kupunguza mistari mpaka mkono unauma. Kilichonigeuza ni kuacha kuiona matriksi kama jedwali la namba na kuiona kama kitendo, inachukua vekta, yaani mshale wenye urefu na uelekeo, inaizungusha, inaivuta, inaiminya. Ukishaona hivyo vekta za eigen zinajieleza, ni zile ambazo kitendo hicho hakizipindishi, zinarefuka au kufupika tu kwenye mstari wao ule ule. Determinanti, ile namba inayosema kitendo kinakuza eneo mara ngapi, ikiwa 0 maana yake kuna upande umebonyezwa ukawa bapa, ndo maana huwezi kurudi nyuma. Nilikuwa nakariri fomula ya kila kimoja peke yake kumbe ni stori moja.

Milinganyo ya kalkulasi kwa sisi wa uchumi na watu wa baiolojia ndo sehemu tamu. Mwanahisabati Verhulst mwaka 1838 alichukua ongezeko la watu lile la kawaida, akalizidisha na (1 − P/K), basi. P ni idadi ya watu, K ni kiwango ambacho mazingira yanaweza kubeba. Kipande hicho kidogo kinakupa mchoro wa herufi S, na ukicheza nacho kidogo unaona kasi inakuwa kubwa kabisa P ikifika nusu ya K. Hapo ndo niliona hesabu inaongea.

Epsiloni

Naona mnaishia getini, ngoja nieleze huko ndani 😀

Mimi ndo wale waliokuwa vichwa kwenye kalkulasi, nikachagua hesabu tupu nikijua nakwenda kuvuna. Kozi ya kwanza ya uchambuzi wa namba halisi, zoezi la kwanza narudishiwa majibu yote sahihi na maksi za kuokota. Lekcha kaandika pembeni "kwa nini?" kila mahali. Huko jibu sio bidhaa, sababu ndo bidhaa.

Epsiloni na delta wengi wanaikariri kama sala. Ioneni kama ubishi wa watu wawili. Mimi nadai x² inakwenda 9 x ikikaribia 3. Wewe unanibana, "naitaka karibu na 9 ndani ya umbali huu, epsiloni", mimi nakutajia delta, yaani x ikae karibu na 3 kiasi gani. Ukinibana zaidi nakupa nyingine. Nikiwa na njia ya kukujibu daima, nimeshinda. Hapo x² − 9 ni (x−3)(x+3), nakaa umbali usiozidi 1 kutoka 3 ili x+3 isivuke 7, kisha delta yangu ni ndogo kati ya 1 na epsiloni/7. Mleta mada utafurahi, hata hapo kilichofanya kazi ni kuvunja tofauti ya miraba miwili, aljebra yako ile ile.

Na msijione wajinga mkisumbuka. Leibniz alichapisha kalkulasi yake 1684, askofu Berkeley mwaka 1734 akaishambulia kwamba misingi yake haieleweki, na alikuwa na hoja kabisa, ila watu waliendelea kuitumia hivyo hivyo wakipata majibu sahihi mpaka Cauchy mwaka 1821 ndo anaanza kuinyoosha, na Weierstrass baada yake. Huyu Weierstrass 1872 akaleta fankisheni isiyokatika popote lakini haina mteremko mahali popote, kona tupu. Mchoro wa kichwani unakudanganya, ndo maana wanadai sababu.

Nimerudi Shule

Jamani asanteni, mimi ni mtu mzima nimerudi darasani baada ya miaka mingi kazini, nimewekwa aljebra. Nna haraka. Naweza kuiruka trigonometria nikaingia kalkulasi moja kwa moja? Mashine si zinapiga sini na kosini zenyewe?

Kipeo Hasi

Usiruke ndugu yangu. Pembetatu zile za kutafuta urefu wa mnara zipitie haraka hazina neno, ila duara la kizio (lenye nusu kipenyo 1), grafu za sini na kosini, na radiani (kupima pembe kwa urefu wa tao la duara hilo), hivyo kaa navyo. Ukidiferenshieti sini unapata kosini pale tu pembe ikiwa kwa radiani. Ukitumia digrii kuna π/180 inakuja kukaa mbele, na mashine ikiwa imewekwa digrii itakupa majibu ya ajabu bila kukuonya. Logi nazo usiziache, ziko kila mahali kuanzia kalkulasi ya pili.

Nimerudi Shule

Sawa kaka, radiani naanza nazo leo. Hiyo √(x²+9) nimeijaribu kwa 4 kama ulivyosema, nikajaribu na 0, inatoka 3 pande zote mbili. Hapo vipi sasa, mbona imekubali?

Kipeo Hasi

Swali zuri sana hilo. Namba moja ikikataa, sheria imekufa. Namba moja ikikubali bado haijathibitisha kitu, na 0 ndo namba mbaya kuliko zote kukagulia maana inafuta kila kitu. Tumia 4, tumia 7, kaa mbali na 0 na 1. Hilo la "imekubali ila haijathibitisha" nakuachia Epsiloni akueleze, ndo kazi yake.

Epsiloni

Njoo na daftari mkuu.