Ushauri: Niombe mofini kwenye ganzi ya mgongo nikienda kupasuliwa?

MamaWawili: Wanajamvi, habari. Wiki ijayo najifungua kwa upasuaji, mtoto wa pili. Mara ya kwanza ganzi ilipoisha nililia. Kukohoa tu kazi, mtoto nikashindwa hata kumweka titini. Nasikia kuna mofini kidogo inachanganywa na ganzi, maumivu yanatulia karibu siku nzima. Niombe? Naogopa.

Babu_Kijiwe: Binti yangu, kazana na njia ya kawaida. Bibi zenu walizalia nyumbani.

KiunoChangu: Sindano ya mgongo usiiguse! Mimi hadi leo siwezi kuinama nikamaliza ndoo ya nguo.

NesiWaUsiku: Kiuno tukifungulie uzi wake. Mleta mada, dawa ipo. Dozi ni ndogo mno, kwa kawaida mikrogramu 100 hadi 150, ila iwe mofini isiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike, na hiyo haipatikani kila hospitali. Bupivakaini, ndiyo ganzi yenyewe, inakufanya usisikie kisu. Mofini inabaki kwenye maji ya uti wa mgongo ikituliza maumivu kwa saa 12 hadi 24. Fentanili, ndugu yake mofini, nayo huongezwa, lakini inasaidia mle mle thieta, usiku haikufikishi. Ubaya wake ni kuwashwa, hasa puani na usoni, na kichefuchefu. Mara chache sana pumzi hupungua saa kadhaa baadaye. Unakoroma?

MamaWawili: Afya yangu nzuri tu, dada.

NesiWaUsiku: Nimeuliza unalalaje.

MamaWawili: Nakoroma. Mume wangu anasema pumzi inakatika, kimya, halafu nashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Daktari sijamwambia, ataninyima dawa. Na chumba cha peke yangu nimeshalipia.

Mama_K: Peke yako usiku ule? Nani atakuangalia?

Chuma_Chakavu: Hii chai. Mjamzito gani anajua habari za mofini kwenye ganzi? Mara Nesi huyu hapa na dozi mkononi. ID mbili, mtu mmoja.

MamaWawili: Dada yangu aliwekewa. Usiku uleule alijigeuza mwenyewe, akanyonyesha, akawa anajikuna pua tu. Chai iko wapi?

NesiWaUsiku: Hata ikiwa chai, kuna anayesoma hapa na kesho anaingia thieta. Mwambie mtaalamu wa usingizi, yule anayechoma ganzi. Anaweza kukuweka karibu na manesi, kipimo cha oksijeni kidoleni, pumzi zikihesabiwa usiku kucha. Au anaacha mofini, anakuchoma ganzi kwenye ukuta wa tumbo, na parasetamoli na diklofenaki unapewa kwa saa zake, bila kungoja ulie kwanza.

Chuma_Chakavu: Diklofenaki kwa mwenye vidonda vya tumbo? Shemeji yenu anavyo, naye yuko mwezi wa nane.

NesiWaUsiku: Aseme kabla, asipewe. Parasetamoli haina neno kwa vidonda.

MamaWawili: Kesho nampigia. Ila chumba sikiachii, hela hairudi.

NesiWaUsiku: Kihamie siku ya pili.