Likizo yangu, hela yangu, halafu niombe msamaha kwa biskuti?!

Wakuu salaam. Mnivumilie leo, uzi utakuwa mrefu na nina hasira, niko kwenye treni narudi Saitama, jirani na Tokyo, naandika nimesimama mkono mmoja kwenye kishikio.

Kwa msionijua, mama yangu Mtanga baba Mjapani, nimezaliwa huku Japani nimesoma huku nina miaka 24. Kwa hiyo wale wa "heshimu utamaduni wa watu" pita kushoto mapema, huo utamaduni ni wangu pia na ndo maana naulalamikia.

Iko hivi. Mwezi uliopita nilichukua likizo siku nne nikaenda Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini. Likizo ya kulipwa ya kisheria kabisa, huku ukifikisha miezi sita kazini unapata siku 10, na tangu Aprili 2019 mwajiri analazimika kuhakikisha umechukua angalau 5 maana watu walikuwa hawazichukui kwa aibu. Kwa aibu jamani! Unaogopa kupumzika kwa sababu mwenzako atabeba kazi yako. Kwa hiyo kabla ya kuondoka unapita kuinamisha kichwa, samahanini nitawasumbua, ukirudi unainamisha tena, samahanini nimewasumbua, na mkononi lazima uwe na omiyage, yaani vitu vya kula vya kuwaletea watu toka safarini.

Omiyage sio zawadi kama mnavyoielewa nyie. Zawadi unampa unayempenda. Hii unampa kila mtu wa ofisi, mpaka yule ambaye mwaka mzima hajakuitikia salamu. Na ina masharti ambayo hayajaandikwa popote. Lazima iwe ya mahali ulipoenda, lazima kila kipande kiwe na kifuko chake kwa sababu huwezi kumkatia bosi keki na kisu cha jikoni, lazima isiharibike haraka, na lazima IDADI ITOSHE. Ndo maana ukienda stesheni yoyote kubwa ya shinkansen, treni ya kasi, utakuta ukuta mzima wa maboksi, na nje ya boksi wameandika vipande vingapi. Kila mji na vitamutamu vyake: Kyoto utabeba yatsuhashi, Hiroshima momiji manju, Tokyo zile Tokyo Banana. Mimi nilibeba Shiroi Koibito, biskuti zenye chokoleti nyeupe katikati, boksi la 24.

Ofisi ina watu 27.

Naapa siku ile watatu hawakuwepo. Nikagawa meza kwa meza nikianza na mkuu wa kitengo kama inavyotakiwa, zikaisha, nikasema alhamdulillah yamekwisha. Kumbe mmoja wa wale watatu ni mama wa uhasibu. Kesho yake ananikuta kwenye mashine ya kahawa, anatabasamu, "Hokkaido kulikuwa na baridi eeh? Nasikia kuna biskuti tamu sana kule." Basi. Hajasema kingine. Mimi mjinga nikajibu ndiyo ni tamu kweli, ujaribu siku moja!!

Wiki nzima fomu zangu za nauli zinarudishwa. Mara muhuri umekaa upande, mara tarehe haisomeki. Mpaka mwenzangu tulioajiriwa naye pamoja akanivuta pembeni akaniambia yule mama hakupata biskuti.

Mtu mzima! Biskuti moja!

Huku wanaita kusoma hewa, kuuki wo yomu, yaani unatakiwa ujue bila kuambiwa, na usipojua wewe ndo mwenye kasoro. Nikampigia mama nikitegemea atanitetea, mama akacheka mpaka simu ikakatika. Eti "mwanangu hao ni watu wa pwani tu, fumbo mfumbie mjinga, mimi kwetu jirani angevaa kanga ya maneno akapita mlangoni mara tatu." Sawa mama, lakini kanga angalau ina maandishi, unasoma!

Halafu mama huyo huyo naye yalimkuta. Tulipohamia mtaa tunaokaa alipika mandazi akampelekea jirani sahani. Kwao Tanga sahani hairudi tupu, wiki ijayo jirani atakurudishia na visheti au embe, undugu unaanza hapo. Huku ilirudi siku ya pili, imeoshwa inang'aa, pamoja na boksi la dukani limefungwa karatasi nzuri na utepe. Mama alikaa analiangalia. Akasema "huyu amenilipa." Nadhani hajapika tena mandazi ya kupeleka mtu.

Na hapo hatujafika kwenye harusi. Nyie mnaolia na michango mna kamati mnaweza kukwepa simu, mkabishana, mkaahidi hamtoi. Huku rafiki akikualika bei ya kawaida ni yeni 30,000, isiwe 20,000 kwa sababu namba shufwa inagawanyika na ndoa isigawanyike, na 40,000 ndo balaa zaidi, nne inasikika kama kifo. Noti ziwe mpya zisizo na mkunjo. Mpya unazipata dirishani benki, benki dirisha linafungwa saa tisa alasiri, mimi natoka kazini saa moja usiku. Kwa hiyo mwaka jana usiku wa manane nilikuwa napiga noti PASI. Msibani ni kinyume, noti mpya zinaonyesha ulijiandaa mtu afe, hivyo unakaa unazikunja kwa makusudi.

Na Machi 14 hiyo inakuja, siku ya kuwarudishia wadada wote waliokupa chokoleti ya wajibu Februari 14, ambayo wao wenyewe hawakutaka kuitoa. Mwaka 2018 hata kampuni ya Godiva, wauza chokoleti, ilitoa tangazo gazetini kuwaambia watu waache kupeana za wajibu. Ofisini kwetu hilo gazeti halikufika.

Kuna mtu ameshakomenti kwamba omiyage ilianza zamani, enzi za Edo, kijiji kinachanga nauli kinamtuma mmoja akahiji kwenye hekalu la Ise kwa niaba ya wote, akirudi anawaletea kitu cha huko. Najua mkuu, na ule ulikuwa ustaarabu. Walimchangia! Mimi nauli ya Hokkaido alinichangia nani?

UPDATE: Msinicheke. Jumamosi nilienda Yurakucho pale Tokyo kuna duka linalouza bidhaa za Hokkaido tu, siko peke yangu, kuna kijana mbele yangu anahesabu vipande kwa kidole na simu sikioni. Nikanunua boksi dogo, Jumatatu nikampelekea mama wa uhasibu, nikainama, samahani nilichelewa. Akashangaa kabisa "aah, hukuwa na haja!" Fomu zikapita siku hiyo hiyo.

Leo asubuhi nimekuta mezani kwangu mfuko. Senbei, biskuti za mchele, za kwao Niigata, boksi kubwa kuliko nililompa, na kikaratasi cha asante.

Wakuu wenye uzoefu, hili nalo linarudishwa au naruhusiwa kula tu?