Naomba ushauri: turubai za London ziviringishwe au ziende kwenye kreti ya mbao?

Wakuu, michoro sita ya akriliki, mkubwa sm 120 kwa 150, inatoka Dar kwenda London kwa maonyesho ya Oktoba, msimu uleule wa maonyesho makubwa ya sanaa, Frieze pale Regent's Park na 1-54 pale Somerset House.

Kreti ndiyo salama, ila bei inauma. Ndege inatoza kwa ujazo: kreti ya sm 170 x 140 x 40, ukigawa kwa 6,000, inalipiwa kama kilo 159 hata kama mizani inasoma 60. Mbao ziwe zimepashwa joto na kugongwa muhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, kuzuia wadudu); plaiwudi haidaiwi muhuri huo.

Kuviringisha ni nafuu. Bomba liwe nene, sm 15 kwenda juu, rangi itazame nje (wengi huigeuza ndani wakidhani wanailinda, kumbe ndiyo wanaibana). Wasiwasi wangu ni hali ya hewa: kwa joto letu akriliki hulainika, plastiki ya mapovu ikiigusa inaacha viduara, kule kwenye baridi hukakamaa, ukikunjua haraka inapasuka.

Naomba kujua: mnatenganisha na karatasi gani isiyonata? Fremu za kuwambia mnatuma vipande au zinachongwa kulekule? Na aliyewahi kuingiza kazi kwa muda, kwa ajili ya maonyesho tu, bila kulipa ile VAT ya asilimia 5 ya Uingereza, dhamana aliweka nani: galari au wakala wa mizigo?