Dari ya jikoni inamwaga zege, vyuma viko nje (Kisumu)

Binti wa Migosi: Hamjambo wajenzi. Marehemu baba alituachia nyumba ya ghorofa moja hapa Migosi, aliijenga 1994. Chini ya tangi la maji, dari ya jikoni ilianza na ufa mwembamba, umenyooka kama wa rula. Jumatatu kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka, mtoto ametoka tu mezani. Vyuma vimevimba, ukivigusa vinabanduka magamba. Fundi anataka kupiga plasta, jirani anasema ni hewa ya ziwa. Nifanyeje? Hili ni jasho la mzee wetu.

Fundi Nakuru: Pole dada. Msipikie humo tena, na leo hii simamisha nguzo chini ya slabu, yaani hilo bamba la zege la dari. Ziwa msilisingizie: Victoria ni maji baridi, si chumvi ya bahari kama Mombasa. Zege jipya lina alkali kali, pH 12 hadi 13, na hiyo ndiyo blanketi ya chuma. Miaka ikienda, kabonidioksidi hupenya na kuishusha chini ya 9. Hapo tangi likivuja, kutu inaingia. Nayo kutu hujaza nafasi mara mbili na zaidi ya chuma ilichokila, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani, kufuata chuma. Ndiyo maana ufa wako umenyooka. Hebu pima zege lililofunika chuma.

Binti wa Migosi: Milimita 8. Penye unene, 10.

Fundi Nakuru: Basi ni hapo. Ilitakiwa angalau 20. Vyuma vililazwa juu ya mbao bila vile vitofali vidogo vya kuviinua, na mzee hangeweza kuliona hilo, zege likishamwagwa limeficha. Plasta usikubali kabisa! Kutu itaendelea chini yake na kuiangusha. Chimbeni mpaka nyuma ya chuma, vidole vipite, kisha brashi ya waya hadi king'ae. Pima upya: chuma cha unene wa milimita 10 kikibaki 8 kimepoteza zaidi ya theluthi ya nguvu yake, lazima kiongezewe kingine. Hayo aamue mhandisi.

Mama Kakamega: Mhandisi wa kwetu alinyunyizia fenolftaleini, dawa ya kupima alkali, kwenye zege lililovunjwa. Penye alkali pakawa waridi, kando ya vyuma hapakubadilika rangi. Nilielewa palepale. Na balkoni je? Hiyo chuma chake kikuu kiko juu, ukikagua chini tu hukioni.

Binti wa Migosi: Asanteni. Nguzo nne zimesimama. Tangi tumelishusha jioni hii, slabu chini yake imelowa chapachapa. Kesho mhandisi anaanzia balkoni.