Buibui wa barazani: yupi nimwache, yupi nimtoe?

Mama Tunu
Habari za jioni jamani. Tumehamia nyumba ya kupanga huku Igombe, Mwanza, karibu kabisa na mwalo wa wavuvi. Tukiwasha taa ya nje, vile vidudu vya ziwani vinakuja kama moshi, asubuhi nafagia nusu ndoo. Buibui nao wameshajua hapa pana shughuli.

Juu kwenye kenchi yuko mkubwa mweusi, utando wake una bomba la nyuzi linaloingia kwenye ufa. Nikimmulika tochi anarudi ndani. Bafuni wapo wenye miguu kama uzi, ukiwagusa wanatikisika mpaka huwaoni. Nyuma ya kalenda kuna mmoja bapa kama amekanyagwa, anakimbia kiubavu. Huyo alinimwagisha chai. Na ukutani kuna kadogo kanarukaruka, nikikasogelea kanageuka kunitazama.

Baba Tunu kanunua dawa ya kupuliza, anataka tumalize wote. Nina mtoto anayetambaa. Yupi wa kuogopa?

Kijana wa Kirumba
Dada, huyo anayeruka ukimuua nakupeleka kwa balozi.

Mzee wa Bustani, Nyegezi
Mwanangu, hongera kwa kuhamia. Hao wanne waache wote.

Wa kwenye kenchi mtazame kwa chini akiwa katikati ya utando: jike la aina hiyo huwa na wekundu kifuani. Anatisha kwa umbo tu. Wa bafuni hawana neno. Bapa hatengenezi utando, anavizia mende usiku, na anakuogopa kuliko unavyomwogopa.

Huyo mdogo ndiye kipenzi changu. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa, kwa hiyo unapoona anakutazama, kweli anakutazama. Ukanda huu wa ziwa una jamii yake mmoja aliyechunguzwa sana kule Mbita, Kenya, wataalamu wanamwita *Evarcha culicivora*. Chakula anachokipenda ni mbu jike aliyeshiba damu, hasa anofelesi, yule wa malaria. Sisemi wako ndiye, wanaoruka wako wengi. Na chandarua usikitoe!

Ila yupo mmoja hujamtaja. Geuza viti vya plastiki, angalia chini ya ukingo wa beseni, na ndoo zilizokaa bila kutumika. Ukiona utando wa hovyohovyo usio na mpangilio, na buibui wa kahawia mwenye tumbo la mviringo kama punje ya mbaazi, chungulia chini ya tumbo. Pembetatu mbili za rangi ya chungwa zilizogusana ncha? Huyo ni ndugu wa mjane mweusi, yule buibui mwenye sumu kali. Mpole, hujifanya amekufa, lakini akibanwa na mkono anauma.

Mama Tunu
Shikamoo mzee. Nimegeuza viti sita. Vitano safi. Kile cha bluu, ambacho mama mkwe hakubali mtu mwingine akalie, kina vifuko vitatu vya mayai, vyeupe vya kuelekea njano, vina vimiiba pande zote kama mbigili. Mwenyewe amejikunyata pembeni, miguu ina michirizi. Nipulize?

Mzee wa Bustani, Nyegezi
Marahaba. Hiyo miiba ya vifuko inatosha, ndiye. Dawa weka kando, mtoto anatambaa humo humo, na mayai yaliyo ndani ya kifuko hayafi kirahisi. Peleka kiti uani, toa kila kitu kwa kijiti kirefu, ponda kwa lapa, vifuko usivisahau. Mkono mtupu usipitishe chini ya kiti. Mtu mzima akiumwa mara nyingi ni maumivu yanayopita. Mtoto mpeleke hospitali hapo hapo, usingoje kuona.

Na hiyo taa ya nje, zima mnapoingia ndani. Vidudu vikipungua, wageni nao watapungua.

Kijana wa Kirumba
Mama mkwe keshajua alikuwa anakalia nini?

Mama Tunu
Nimeshaponda, nimeosha kiti kwa sabuni, nimekirudisha palepale. Yuko juu yake sasa hivi anachambua dagaa. Sijamwambia.