Chakula cha Babu Jumamosi

Mama Deo: Mbukwenyi jamani. Narudia kwa mara ya mwisho, chakula cha babu ni Jumamosi, hotelini pale ng'ambo ya stesheni, mchango elfu thelathini kila nyumba. Kalipa Sospeter tu, wengine mmenyamaza kama mmeishiwa bando

Deo: ma kwani lazima iwe hapo, si tupike nyumbani

Mama Deo: Babu yako kala mshahara wa reli mpaka kastaafu, ndo maana. Hiyo New Dodoma Hotel ndo Railway Hotel ya zamani, wenyewe wanaijua hivyo. Mjerumani kaanza kutandika reli Dar 1905, kafika Dodoma 1910, Kigoma 1914, huko kote abiria anakula vumbi tu akishuka anataka maji ya kuoga na kitanda, avuke barabara basi kafika

Tumaini: 1905 dada ulikuwepo? 😂

Sele: ndo alikuwa anakata tiketi 😂😂

Anko Sospeter: Msimcheke. Na barabara ya Iringa kwenda Arusha inapita hapahapa, wazungu wa magari wa kutoka Cape kwenda Cairo walikuwa wanalala Dodoma. Makao makuu yametangazwa 1973, mji ulishazoea wageni zamani

Rehema: sasa hivi SGR mtu anapanda Dar asubuhi mchana yuko hapa, alale hotelini ana nini

Sele: ana michepuko

Mama Deo: SELE. Hela jamani, hela

Tumaini: mi natoa ila kwanza tuelezwe hela ya tanki la Bibi iliishia wapi

Mama Deo: Hayo si ya humu Tumaini

Tumaini: ya wapi sasa, kila siku si ya humu

Deo: Babu kasema niandike kama alivyosema. "Nitakuja. Mniwekee kiti kinachotazama stesheni. Ila Elia asipokuwepo mezani chakula sigusi. Ampigie Mama Deo mwenyewe, asitume mtu."

*21:47*

Mama Deo: Nimesikia baba

Rehema: nimetuma ishirini, kumi mwisho wa mwezi

Anko Sospeter: Mama Deo umempata?

Mama Deo: Inaita haipokelewi. Nani ana namba yake ya Tabora

Mjomba Yona: Poleni nilikuwa shamba. Jumamosi hii au ijayo?