Acheni kukata jina la Christina Broom kwenye picha zake

Ndugu wanajamvi,

Nimechoshwa na tabia iliyoshamiri humu ya kubandika picha za London ya mwanzoni mwa karne iliyopita zikiwa zimekatwa kingo, jina la mpigapicha likiondoka nazo, kisha mtu anaandika "picha ya kale" na kwenda zake. Wiki hii imewekwa tena ile ya mwaka 1909, ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura wakiwa kwenye maonyesho yao mtaani Knightsbridge, London, na mchangiaji mmoja akamsifu "jamaa aliyeipiga". Jamaa gani? Picha hiyo ilipigwa na Christina Broom, mama mpigapicha wa London.

Mama huyu aliingia kwenye kazi hii mwaka 1903, akiwa ameshavuka miaka 40, baada ya mumewe Albert kuumia mguu katika mchezo wa kriketi na duka la familia kufilisika. Aliazima kamera, akajifunza mwenyewe, akawa anachapa postikadi na kuziuza kwenye kibanda nje ya lango la mazizi ya farasi wa kifalme. Kamera za aina yake zilitumia sahani za kioo, nzito na rahisi kuvunjika, naye alizibeba hadi kwenye maandamano na kambi za askari, huku binti yake Winifred akisafisha na kuchapa picha katika stoo ya makaa ya mawe waliyoigeuza chumba cha giza. Ndiye aliyewapiga picha askari wa Walinzi wa Mfalme wakijiandaa kwenda kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi wao hawakurudi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi zake alizitia saini "Mrs Albert Broom", na aliendelea hivyo hata Albert alipofariki mwaka 1912. Desturi za wakati ule zilimwachia ukoo tu, tena wa mume, nanyi mnaufuta hata huo!

Msiniambie kwamba mpigapicha hajulikani. Jumba la makumbusho la London lilinunua picha zake zipatazo 2,500 mwaka 2014, likaziweka kwenye maonyesho mwaka uliofuata, na jina lake lipo wazi kwa yeyote anayetafuta.

Ninataka aliyebandika ile ya Knightsbridge airekebishe leo na kuandika jina la Christina Broom, na wasimamizi waondoe picha yoyote iliyokatwa jina kwa makusudi.